Nyimbo Hazitaji Arosto

Mzazi akimkuta kijana wake na macho mekundu, kitu cha kwanza kuchukuliwa ni simu. Rap zote zinafutwa, hedifoni zinafungiwa kabatini, na mtoto anarudishwa chuoni kwa maalim asubuhi na jioni. Haipiti wiki mbili nyimbo zimesharudi. Kibanda cha kutia nyimbo kiko pale kona, na memori kadi haina ukubwa wa kuonekana mfukoni. Kilichokuwa mfuko wa pili hakikuguswa na mtu. Kwa wanaokaa na vijana wa miaka 13 hadi 19, Unguja na Pemba, barazani, skuli na kwenye nyumba za soba wanamokaa wanaoacha dawa za kulevya, hilo ndilo kosa la kwanza na ndilo linalogharimu zaidi: kuuhukumu wimbo kabla ya kuusikiliza.

Basi usikilizwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizipitia rap zilizopendwa sana Marekani kuanzia 1979. Hadi 1984 zilizotaja dawa za kulevya zilikuwa asilimia 11. Baada ya 1993 zilikaribia asilimia 69. Na haikuongezeka hesabu peke yake. Rap ya mwanzo ikiitaja kokeini, mara nyingi ilikuwa inaonya. Ya baadaye iliitaja kwa kujigamba, pamoja na gari na cheni ya dhahabu. Uchambuzi mwingine, wa nyimbo 279 za kila aina zilizotamba huko mwaka 2005, ulikuta pombe, sigara au dawa za kulevya katika rap 77 kwa kila 100. Zilizokataza waziwazi, katika zote 279, zilikuwa 4.

Takwimu hizo zinampima mwimbaji, hazimpimi msikilizaji. Kijana aliyekwisha kuvutwa na maskani fulani, kijiwe cha wenzake, huchagua nyimbo zinazofanana na maskani hiyo, na wapo maelfu wanaoimba mstari kwa mstari, wakimaliza wanakwenda kuswali magharibi na hawajawahi kushika hata sigara. Anayesema rap ndiyo inayowatia watoto kwenye unga, yaani heroini, hajawahi kukaa maskani. Kete, kile kipimo kimoja cha unga, haiji na wimbo. Inaletwa na mtu, na huyo mtu mara nyingi ni kaka wa mtaani anayejulikana kwa jina, ana pesa zaidi kidogo kuliko wenzake, na wiki ya kwanza hadai hata shilingi.

Kazi ya wimbo ni nyingine. Unamzoesha jina. Kitu kikifika mkononi mwake, kijana anakuwa ameshakiimba mara mia, na ulimi uliozoea hauogopi.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na hata baadhi ya walimu wa ushauri. Rap ya Marekani kwa kawaida haiusifu unga. Inasifu bangi, inasifu sharubati ya kikohozi, inasifu vidonge. Anayetumia heroini katika nyimbo hizo ni wa kuchekwa: mchafu, mwizi, anayeomba mlangoni. Anayesifiwa ni anayeuza. Kijana wa Jang'ombe au wa Wete anainuka hapo na imani mbili ambazo hakuna aliyemfundisha kwa makusudi. Ya kwanza, kwamba teja ni aina ya mtu, si hali ambayo mtu yeyote anaweza kuifikia, na yeye si wa aina hiyo. Ya pili, kwamba bangi iko upande wake na unga uko upande wa mbali kabisa, na baina yao pana bahari.

Bahari hiyo haipo. Baina yao pana kokteli.

Kokteli ni kijiti cha bangi kilichonyunyiziwa unga. Kinazungushwa mkono kwa mkono, usiku, mwanga ni wa simu tu, na anayepokea hana njia ya kujua kilichomo. Wengine hawaambiwi, wengine wanaambiwa na hawajali, maana hakuna sindano, na kichwani mwao hatari yote iko kwenye sindano. Wimbo unaopigwa pale unasema juu ya bangi, hivyo kijana anaamini anavuta kile kinachoimbwa. Anavuta kitu kingine. Wiki chache za kila siku zinatosha kuufunga mwili. Kisha inakuja asubuhi anaamka na mafua. Pua inatiririka, macho yanatoa machozi, miayo haikatiki, vinyweleo vimesimama kama mtu aliyetoka kuoga maji ya kisima mwezi wa saba. Mama anamchemshia tangawizi. Mpaka mwenzake mkubwa amwambie barazani, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayemwambia saa ngapi: "Hayo si mafua, hiyo arosto."

Arosto, yaani maumivu ya mwili uliozoea unga ukiukosa, ina saa zake, na anayefanya kazi na vijana sharti azijue kwa kichwa. Huanza baina ya saa 6 na 12 tangu mvuto wa mwisho. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali kuliko zote: tumbo linaendesha, kutapika, mifupa inauma kama imepondwa, miguu haitulii kitandani. Kufikia siku ya saba mwili umepoa kiasi, lakini usingizi na hamu ya chakula huchelewa, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu walidhani wameshapona. Katika rap zote zinazopigwa kwenye daladala ya Fuoni, tafuta moja yenye saa hizo ndani yake. Katika wimbo ni usiku tangu mwanzo hadi mwisho. Hakukuchi.

Upande wa sharubati na vidonge, wimbo una mkono wa karibu zaidi. Mtindo wa kuchanganya na soda sharubati ya kikohozi yenye kodeini, dawa ya ukoo mmoja na heroini, ulikulia Houston, Texas, na ukasafiri duniani kwa njia ya muziki. DJ Screw, ambaye mdundo wake wa kuburura ndio ulioutangaza, alikufa Novemba 2000 na kodeini ikatajwa kwenye sababu za kifo. Pimp C, mwanarap wa jimbo hilohilo, alikufa 2007, na sharubati ikatajwa tena. Desemba 2019 akafa mwanarap Juice WRLD kwa kodeini na oksikodoni, dawa kali ya maumivu, siku chache baada ya kutimiza miaka 21. Nigeria ilifika mahali pa kupiga marufuku utengenezaji na uingizaji wa sharubati zenye kodeini, Mei 2018. Kijana wa Chake Chake anaweza kukuimbia nyimbo za hao wote asijue kama wamekufa, au akijua, akadhani walipigwa risasi. Mwambie umri na sababu, basi, usiongeze neno. Tarehe hizo zinafanya kazi vizuri zikiachwa zenyewe.

Kinachoharibika hapa kwetu ni hiki. Kijana amelisikia neno, hajui maana yake ya dukani. Anakwenda duka la dawa ananunua sharubati yoyote ya kikohozi, na nyingi ya zile zilizopangwa pale hazina kodeini kabisa. Anakunywa hahisi kitu, anaongeza, anamaliza chupa. Alichokijaza tumboni kinaweza kuwa dawa ya mzio: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, anaona vitu visivyokuwapo, anaweweseka. Akiipata yenye kodeini kweli, hatari inageuka: usingizi mzito na pumzi inayopungua, hasa ikichanganywa na kidonge kingine cha kutuliza au pombe. Na tramadoli, dawa ya maumivu inayozunguka mitaani kama kidonge cha nguvu, ina tabia yake mbaya ya peke yake, nayo ni degedege. Kijana anaanguka, povu linatoka, mtaa unasema ana shetani, anapelekwa kwa mganga. Muuguzi anayepokea kijana mwenye degedege ya ghafla na aulize kidonge gani, aulize taratibu, na amtoe baba nje kwanza.

Sasa namna ya kukaa nao. Kinachofaa zaidi, kwa kadiri kazi hii ilivyofundisha, ni kusikiliza wimbo pamoja nao mstari kwa mstari. Jambo jepesi, na linaharibiwa kwa urahisi uleule.

Kundi liwe la vijana 8 hadi 12. Wakizidi 15 kunakuwa mkutano, na kwenye mkutano kila mtu anasema anachotakiwa kusema. Wenye miaka 13 hadi 15 wasikae pamoja na wa 16 hadi 19. Si kwa heshima tu, ni kwa sababu mdogo atatoka na majina mapya ya dawa aliyoyasikia kwa mkubwa, na wewe ndiwe uliyewakutanisha. Wasichana wapewe kikao chao. Husahauliwa sana, kwa vile maskani ni ya wanaume, lakini nao wana simu, na wanayo yao ya kusema juu ya yule mvulana wa kwenye video ambaye kila mmoja anamtaka na hakuna anayetaka kuolewa naye. Wakati mzuri ni baada ya alasiri. Dakika 90 zinatosha, watu wakaiwahi magharibi.

Wimbo wauchague wao, siku moja kabla, kwa kura. Mwenye kuongoza akausikilize nyumbani mara 3, amuulize mtu maana ya maneno asiyoyajua. Hapa wakubwa hujiaibisha: wanaleta wimbo wa ujana wao, wa miaka 20 iliyopita, wanadhani bado ndio unaopigwa. Vijana hawatacheka mbele yako. Watacheka njiani.

Vifaa ni spika ndogo ya kuchaji, karatasi ya manila na kalamu mbili nene, nyekundu na buluu. Mara ya kwanza wimbo upigwe wote bila kukatizwa, na waachwe watikise vichwa. Ukiwakataza kuufurahia umeshasema unachokitafuta. Mara ya pili simamisha kila baada ya mistari minne. Kwa nyekundu, wao wenyewe waandike kila neno linalotaja kitu cha kulevya na maana yake kwa Kiswahili cha mtaani. Ukiwa wimbo wa Kiingereza, hapa ndipo vituko vinapotoka: kundi la watu 10 linaweza kuwa na maana 6 za neno moja, na kila mtu aliliimba mwaka mzima kwa uhakika. Kwa buluu, waandike kila mstari unaosema nini kilimpata mtu huyo kesho yake.

Upande wa buluu hubaki mtupu, au na mstari mmoja. Usiseme kitu. Bandika manila ukutani na uulize maswali mawili: katika wimbo huu ni saa ngapi, na nani analipa? Swali la pili linachukua muda kuliko linavyoonekana. Kijana anayelijua soko ataanza kufanya hesabu kwa vidole, kete moja kwa siku, kisha mbili, na atafika mwenyewe mahali ambapo mshahara wa kubeba mizigo Darajani hautoshi.

Makosa yanayojirudia ni machache na yanatosha kuua kikao. Mwongozaji anatoa hotuba dakika ya kumi. Au anauliza, "Nani hapa ameshawahi kutumia?" mbele ya wenzake, swali hilo halipati jibu la kweli, na kijana aliyekuwa karibu kusema jambo faraghani amefunga mdomo. Au anaonyesha picha za sindano na unga ili kutisha. Asiyetumia anajifunza kinavyoonekana. Anayetumia anaamshiwa hamu.

Kosa linaloumiza zaidi, kwa kuwa hufanywa kwa nia njema, ni kumleta aliyeacha na kumwachia uwanja bila mpango. Anaanza vizuri. Dakika ya tano yuko kwenye pesa alizozishika, askari waliomkimbiza kutoka Malindi hadi Michenzani, boti aliyopanda usiku. Macho ya vijana yanawaka. Wamepata rap nyingine, tena ya bure na ya nyumbani. Apewe dakika 10 na mambo matatu tu: asubuhi ya arosto ya kwanza, kitu cha kwanza alichokiiba nyumbani kwao, na ratiba yake ya leo tangu alfajiri. Kitu cha kwanza kilichoibwa huwa ni kidogo sana. Kanga mbili za mama, mpya, bado zina lebo. Ukumbi unanyamaza hapo kuliko kwenye hadithi yoyote ya polisi.

Wanaopenda kuandika wapewe kazi ya kuandika, lakini kwa masharti, la sivyo utaletewa kile kiitikio cha "vijana tuamke, dawa za kulevya ni hatari" ambacho hakuna aliyewahi kukitia kwenye simu yake kwa hiari. Maneno hayo yapigwe marufuku. Vesi ni ya mistari 16, biti ya mwendo wa 85 hadi 95 kwa dakika ili maneno yasikike. Mistari minne ya kwanza iwe saa ya 6 tangu mvuto wa mwisho, minne ya pili saa ya 12, minne ya tatu siku ya pili, minne ya mwisho siku ya tatu. Kinachoruhusiwa ni kile mwili unachokihisi na kile nyumba inachokiona. Si maoni. Inatoka kitu cha namna hii:

Saa ya sita, pua yatiririka kama bomba la uani,
Mama auliza "mafua?", najifunika shukani,
Adhana ya alfajiri, miayo haina kifani,
Nautazama mtungi wa gesi, bei yake naijua kichwani.

Mstari wa nne hauna hata neno la onyo, na ndio unaorudiwa njiani. Rap ni kazi ya kuona vitu vidogo. Kijana akipewa nafasi ya kuvitaja anavitaja kuliko kitabu chochote cha ushauri. Hata bara walikuwapo wasanii waliosema. Langa Kileo, wa lile kundi la Wakilisha, alizungumza hadharani juu ya uraibu wake kabla ya kufariki Juni 2013. Ila vijana wa sasa walikuwa watoto wadogo wakati huo au hawajazaliwa, na kumtaja bila kuwasikilizisha sauti yake ni kama kuwatajia babu wa mtu mwingine.

Nyumbani mambo ni mafupi zaidi. Mama na akae karibu, aseme, "Hebu nisikilizishe huo, baba. Unasema nini hapo?" Atajibiwa, "Ah, mama, maneno tu." Asiondoke. Aulize tena neno moja, moja tu, na akubali kufundishwa. Kijana anayemfundisha mama yake neno la mtaani ameshaanza mazungumzo ambayo wiki iliyopita hayakuwapo. Jambo la macho mekundu lina siku yake, na si siku hiyo.

Kwa aliyekwisha kuingia, wimbo una kazi ya tofauti, na hapa ndipo ufutaji wa nyimbo una maana. Zanzibar ina nyumba za soba tangu 2009, zenye kufuata hatua 12 za kuacha uraibu, na tangu 2015 kuna methadoni, dawa ya kushika nafasi ya heroini, katika hospitali ya Kidongo Chekundu, inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Wiki za mwanzo simu huwekwa mbali. Wengi hudhani ni adhabu. Sababu ni kwamba mwili unaukumbuka wimbo. Ukipigwa ule uliokuwa ukipigwa wakati wa kuvuta, hata ukisikika kwa mbali kwenye bodaboda inayopita, mate yanajaa, tumbo linapinduka, viganja vinatoa jasho, kabla kichwa hakijajua kilichotokea. Kijana anaona haya, anadhani ni udhaifu wa imani. Aelezwe mapema kwamba ni mazoea ya mwili, na kwamba wimbi hilo kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya nusu saa ikiwa hakulifuata: atembee, anywe maji, amwite mwenzake, asikae peke yake chumbani.

Na aelezwe hatari ambayo ndiyo inayoua. Aliyekaa wiki kadhaa bila unga, mwili wake umesahau kipimo. Akirudi kwa kiasi kilekile cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Midomo ikigeuka rangi, mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya pini na mtu haamki hata akifinywa, alazwe ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali. Maziwa na maji ya chumvi mdomoni humpalia tu. Wenzake na waseme kweli alichotumia, maana dawa ya kuitengua heroini ipo, inaitwa naloksoni, na daktari hawezi kubahatisha.

Akiwa tayari, mwezi wa pili au wa tatu, akae na msimamizi wake aipitie orodha ya nyimbo zake mmoja mmoja. Si zote zinazofutwa. Kila wimbo unapewa alama: uliopigwa maskani, uliopigwa nyumbani, uliopigwa kabla ya yote. Ule wa maskani unaondoka hata kama maneno yake ni safi. Wapo ambao wimbo wao mbaya kuliko zote ni wa mapenzi tu, kwa kuwa ndio uliokuwa ukichezwa pale. Na upo wa rap kali kabisa, wenye kila neno jekundu, ambao aliusikiliza akiwa darasa la saba akienda kuogelea Forodhani na wenzake. Huo anaachiwa.